Kiti cha Diwani: Hupatikanaje na Hupoteaje?



Wengi wetu tumepiga kura zaidi ya mara moja. Tumepanga foleni tangu alfajiri, tumechovya kidole kwenye wino, kisha tumerudi nyumbani kukamua ng'ombe au kupalilia mahindi. Baadaye tunasikia redioni kwamba chama fulani kimeongeza viti na chama fulani kimepoteza. Hapo ndipo maswali huanza. Mbona chama kile kilichojaza watu mkutanoni kimepata viti vichache? Mbona kata yetu ina diwani mpya wakati hatujapiga kura? Mbona jina la yule tuliyemtaka halikuwepo kabisa kwenye karatasi?

Katika somo hili tutayatazama maswali hayo kwa kutumia wilaya mbili jirani za Mkoa wa Arusha, Karatu na Ngorongoro. Barabara ni moja. Ukitoka Karatu mjini unapanda mlima, unafika lango la Loduare, na hapo umekwisha ingia Ngorongoro. Lakini historia ya kura zao haifanani hata kidogo. Jimbo la Karatu lilikuwa mikononi mwa CHADEMA kwa miaka 25, tangu 1995 hadi 2020. Jimbo la Ngorongoro halijatoka mikononi mwa CCM tangu vyama vingi viliporudi.

Kwanza tuondoe jambo moja linalochanganya watu. Tunazo chaguzi mbili, wala si moja. Uchaguzi wa kwanza ni wa vijiji na vitongoji. Huu husimamiwa na TAMISEMI, na ndani yake tunamchagua mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, ambao hawapungui 15 wala hawazidi 25. Mara ya mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024. Uchaguzi wa pili ni ule mkuu, wa Rais, wabunge na madiwani. Huu husimamiwa na Tume ya uchaguzi, na mara ya mwisho ulifanyika Oktoba 29, 2025. Kwa hiyo mwenyekiti wako wa kijiji na diwani wako hawatoki katika sanduku moja, na hawachaguliwi mwaka mmoja.

Sasa, kwa nini tushughulike na kiti cha diwani? Kwa sababu baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri. Ushuru wa vitunguu vya Mang'ola unaingia huko. Ushuru wa hoteli za watalii za Karatu unaingia huko. Kijiji gani kijengewe zahanati mwaka huu, na kipi kingoje? Baraza linaamua. Sheria inataka pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri yatengwe kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nani atauliza kama fedha hizo zimetengwa kweli? Ni diwani. Na katika Karatu maji yamekuwa neno kubwa la siasa kwa miaka mingi, kiasi kwamba mtu anayeomba kura bila kusema habari za maji, watu humtazama tu.

Basi tuingie kwenye hesabu. Shikeni kalamu.

Katika nchi yetu, kila kata ni shindano lake peke yake. Anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye diwani, hata akizidi kwa kura moja. Si lazima afike nusu. Kura za walioshindwa hazihamishiwi kata nyingine. Zinaishia hapo hapo.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna vyama viwili, chama cha Kibuyu na chama cha Kinu. Tuseme kuna kata tano, na kila kata ina wapiga kura 1,000. Kata ya kwanza, Kibuyu kinapata 510 na Kinu 490. Kata ya pili, Kibuyu 520, Kinu 480. Kata ya tatu, Kibuyu 505, Kinu 495. Kata ya nne, Kibuyu 200 tu, Kinu 800. Kata ya tano, Kibuyu 300, Kinu 700.

Jumlisheni. Kibuyu kimepata kura 2,035. Kinu kimepata kura 2,965. Kinu kimezidi kwa kura 930! Lakini nani ana madiwani wengi? Kibuyu kina madiwani watatu, Kinu kina wawili. Kibuyu ndicho kitakachoshika halmashauri.

Msomaji atasema huo ni wizi. Hapana, si wizi. Hakuna kura iliyoibwa hapo. Ndivyo kanuni ilivyo. Kura za Kinu zilirundikana mahali pawili, kama nafaka yote iliyojazwa katika ghala mbili wakati nyingine tatu ni tupu. Kura za Kibuyu zilitawanyika vizuri. Ndiyo maana chama chenye watu wengi katika mji mmoja kinaweza kushangilia sana na bado kikashindwa wilaya nzima.

Sasa tuongeze chama cha tatu, cha Mkeka. Katika kata moja Kibuyu kinapata 400, Kinu 350, Mkeka 250. Diwani ni wa Kibuyu, ingawa watu 600 kati ya 1,000 hawakumtaka. Vyama vya upinzani viliielewa hesabu hii. Kwa uchaguzi wa 2015 vyama vinne vya umoja wa UKAWA, yaani CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vilikubaliana kusimamisha mgombea mmoja mahali pamoja, ili wasigawane kura zao wenyewe. Haikuwezekana kila mahali, kwa maana kila chama kilikuwa na mtu wake aliyetaka kusimama. Kugawana mgombea ni kazi ngumu kuliko kugawana shamba.

Tena kiti kimoja cha kata hakiji peke yake. Kuna viti maalum vya wanawake, ambavyo havipungui theluthi moja ya viti vya kuchaguliwa. Viti hivyo hatuvipigii kura. Vinagawiwa vyama kwa kadiri ya kata ambazo kila chama kimeshinda. Tuseme halmashauri ina kata tisa na viti maalum vitatu. Chama chenye kata sita kinapata viti maalum viwili, chenye kata tatu kinapata kimoja. Basi baraza linakuwa na watu wanane upande huu na wanne upande ule. Baada ya hapo madiwani wenyewe wanamchagua mwenyekiti wa halmashauri. Karatu ina kata 14. Chama kimoja kikiwa na nane na kingine sita, ikahama kata moja tu, wanakuwa saba kwa saba. Ndiyo sababu utaona magari ya wakubwa yakijaa vumbi katika kata ndogo ambayo siku nyingine hawaijui hata jina.

Hiyo ndiyo hesabu ya siku ya kura. Lakini sisi tunaona kwamba viti vingi hupatikana na kupotea kabla ya siku hiyo. Na Karatu ina ushahidi mzuri wa jambo hili, tena wa zamani.

Tarehe 30 Agosti 1960, kabla ya Uhuru, Tanganyika ilifanya uchaguzi wa wabunge. Viti vilikuwa 71. TANU ilipata 70, na kati ya hivyo, 58 vilipita bila kupingwa. Kiti kimoja tu katika nchi nzima kiliiponyoka. Kilikuwa wapi? Mbulu! Na siku hizo Karatu ilikuwa sehemu ya Mbulu. Aliyeshinda ni Herman Sarwatt. Naye hakuwa adui wa TANU. Alikuwa mwanachama wa TANU, lakini chama kilimpitisha mtu mwingine. Sarwatt akasimama kama mgombea binafsi, na watu wa Mbulu wakamchagua.

Ikapita miaka 35. Tulikuwa na chama kimoja kwa muda mrefu, na wazee wanakumbuka jinsi wagombea wawili wa chama hicho hicho walivyopewa alama za jembe na nyumba. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa tena. Mwaka 1995, katika kura za maoni za CCM huko Karatu, wanachama walimtaka Dk. Wilbrod Slaa, aliyekuwa padri. Vikao vya juu vikamwondoa na kumpitisha Patrick Qorro, aliyekuwa mbunge. Slaa akaenda CHADEMA, chama kilichokuwa kichanga bado. Akashinda. Akashinda tena 2000 na 2005.

Msomaji, linganisha 1960 na 1995. Watu ni wale wale, au watoto wao. Kosa ni lile lile. Hakuna upinzani uliotoka nje ukaivamia Karatu. Kiti kilipotea katika chumba cha kikao, wenye chama walipokataa kusikia wanachama wao. Chama kinachodhani watu watampokea yeyote kitakayewaletea, kwa sababu tu amevaa shati la rangi yake, kinajidanganya.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya miaka hiyo miwili. Sarwatt aliweza kusimama bila chama. Slaa hakuweza. Sheria yetu ya sasa haimruhusu mgombea binafsi. Ni lazima udhaminiwe na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka jambo hili mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ipo hapa hapa Arusha, ilisema kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Hata hivyo uchaguzi wa 2025 ulifanyika bila wagombea binafsi. Kwa hiyo mwenye kukataliwa na chama chake ana njia mbili tu: akae kimya, au atafute chama kingine.

Turudi Karatu. Dk. Slaa aliacha ubunge mwaka 2010 ili agombee urais. Watu walisema sasa CHADEMA itaanguka huko, kwa kuwa nguvu ilikuwa ya mtu mmoja. Haikuanguka. Mwaka 2010 alishinda Mchungaji Israel Natse wa CHADEMA, na 2015 akashinda Willy Qambalo wa chama hicho hicho. Katika vipindi hivyo viwili halmashauri nayo iliongozwa na CHADEMA. Maana yake chama kilikuwa kimekwisha ota mizizi kwenye kata na vitongoji. Mtu anaweza kulipata jimbo kwa jina lake, lakini halmashauri haipatikani kwa jina la mtu mmoja. Inatakiwa mtu wa kuaminika Rhotia, mwingine Endabash, mwingine Oldeani, mwingine Mbulumbulu, mpaka kata zitoshe.

Je, viti hivyo vilipoteaje? Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia, na yote mawili yanahusu nchi nzima.

La kwanza ni kuhama. Diwani akifariki, akijiuzulu, akifukuzwa chama au akihama chama, kiti chake kinakuwa wazi na uchaguzi mdogo unaitishwa. Kiti ni cha chama kwanza, kisha ni cha mtu. Kuanzia 2017 madiwani wengi wa upinzani walijiuzulu na kuhamia CCM. Walisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Wapinzani wao walisema wamenunuliwa. Mkoa wetu wa Arusha ulikuwa mmoja wa mikoa iliyopata uhamaji huo kwa wingi. Novemba 26, 2017 uchaguzi mdogo ulifanyika katika kata 43 nchini. CCM ilishinda kata 42. CHADEMA ilipata moja, kata ya Ibighi huko Rungwe. Sisi hatuwezi kuuona moyo wa mtu. Lakini mpiga kura aliyesimama juani kumchagua diwani wa chama fulani, kisha akamwona diwani huyo ameondoka bila hata kuitisha mkutano wa kumwambia, huyo ana haki ya kukasirika, awe wa chama chochote.

La pili ni fomu. Hili linatuhusu sana sisi tuliopitia kisomo. Mgombea lazima ajue kusoma na kuandika. Diwani lazima awe amefika umri wa miaka 21. Lazima ajaze fomu ya uteuzi, airudishe kwa wakati, na jina lake liwe sawasawa. Ukikosea, unawekewa pingamizi, na ukishindwa pingamizi jina lako halifiki kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa vijiji, wagombea wengi sana wa upinzani walienguliwa kwa sababu za fomu. Vyama vyao vilisema makosa yale yalikuwa visingizio, na tena kwamba ofisi nyingine zilifungwa siku ya kurudisha fomu. CHADEMA na vyama vingine vikajitoa. Sehemu nyingi wagombea wa CCM walipita bila kupingwa, na wanakijiji hawakupiga kura kabisa. CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti.

Kupita bila kupingwa kunaonekana kama ushindi mtamu. Lakini fikiri: diwani au mwenyekiti ambaye hakuomba kura yako, atakuogopa kwa lipi? Ukimwambia bomba halitoi maji, atakujibu nini?

Mwaka 2020 CCM ililirudisha jimbo la Karatu, mbunge akiwa Daniel Awack, na halmashauri nayo ikarudi CCM. Wapinzani waliulalamikia uchaguzi ule. CCM ilisema watu wamechoka kuwa upande usio na serikali na wanataka maendeleo. Kisha likaja la 2025. Aprili mwaka huo Tume ilitangaza kwamba CHADEMA haitashiriki uchaguzi kwa sababu haikusaini kanuni za maadili. CHADEMA yenyewe ilikuwa ikidai sheria zibadilishwe kwanza. Basi Oktoba 29, 2025, kwa mara ya kwanza tangu 1995, watu wa Karatu walikuta karatasi za kura zisizo na chama kilichowaongoza miaka 25. Hapo hakuna tena hesabu ya Kibuyu na Kinu. Kinu kikiondolewa uwanjani, kura zake haziendi popote.

Tumesema sana habari za Karatu. Sasa tupande mlima twende Ngorongoro, maana huko kuna fundisho ambalo Karatu haina.

Ngorongoro ina kata 28. Kata 11 kati ya hizo ziko ndani ya eneo la hifadhi, lililoanzishwa 1959 na ambalo liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Humo wanaishi wafugaji wengi wa Kimaasai, pamoja na Wadatoga na Wahadzabe. Kulima kumekatazwa. Tangu 2022 serikali imekuwa ikiwahamisha watu kwenda Msomera, wilayani Handeni, ikisema wanahama kwa hiari. Wakazi wengi wamelipinga jambo hilo. Katika hali kama hiyo, mwenyekiti wa kijiji na diwani si watu wa kugonga mihuri tu. Ndiyo sauti yao. Na tunasema hivi tukijua kwamba madiwani hao wengi ni wa CCM. Ugomvi wa Ngorongoro haukuwa wa chama kwa chama.

Agosti 2, 2024 serikali ilitoa tangazo namba 673. Tangazo hilo lilifuta kata zote 11 za hifadhi, vijiji 25 na vitongoji 96. Uchaguzi wa vijiji ulikuwa umebaki miezi mitatu na siku kadhaa. Angalia maana yake. Hapakuwa na mgombea aliyeshindwa. Hapakuwa na fomu iliyokosewa. Kiti chenyewe kilifutwa, na ukifuta kijiji kwenye karatasi, mwenyekiti hayupo, halmashauri ya kijiji haipo, na mpiga kura hana mahali pa kupigia.

Kuanzia Agosti 18 maelfu ya watu, kina mama wakiwa wengi, walijitokeza kwenye barabara ya watalii iendayo Serengeti. Walivaa shuka zao, wakashika mabango, wakakaa. Agosti 22 Mahakama Kuu ya Arusha ilisimamisha tangazo lile. Serikali nayo ikatangaza kwamba huduma na uchaguzi vitakuwepo Ngorongoro kama kwingine. Novemba 27 watu wa kata zile 11 walipiga kura vijijini kwao. CCM ilishinda kwa wingi huko kama ilivyoshinda nchi nzima, lakini vijiji vyao vilikuwa vimerudi kwenye orodha.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kata moja Kibuyu kimepata kura 612, Kinu 598, Mkeka 240. Nani diwani? Watu wangapi hawakumchagua? Kama Kinu na Mkeka wangesimamisha mgombea mmoja, na wafuasi wote wa vyama hivyo wakampigia, angepata kura ngapi?

2. Halmashauri ina kata 12 na viti maalum vinne. Chama kimoja kimeshinda kata tisa na kingine tatu. Kila kimoja kitapata viti maalum vingapi, na baraza litakuwa na madiwani wangapi kila upande?

3. Diwani wa kata yenu akihama chama kesho, mngetaka awaeleze nini kabla hajaondoka?

4. Tafuteni kwa mtendaji wa kijiji tarehe ya mkutano mkuu ujao wa kijiji. Iandikeni daftarini.